Namba Aliyoijua kwa Kichwa

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka bila haraka, yale ya kulowesha mabega pasipo kumkimbiza mtu, na mlangoni pa zahanati wagonjwa walikuwa wakikung'uta miavuli na kusukumana kwa adabu kuingia ndani. Nilikuwa nimeshawasha kompyuta. Nilikuwa nimeshaomba dua yangu fupi ya kila siku, ile ya kumwomba Mungu anipe utulivu nisimkosee mtu, simu yangu ilipotetemeka juu ya meza.

Nikaisoma polepole, kwa kuwa kusoma kwangu bado kulikuwa kwa polepole.

"Zahanati yako inakukumbusha miadi ya macho, Jumanne, saa tatu asubuhi. Kwa kuwa hukuonekana kwenye miadi iliyopita, fika mwenyewe leo kabla ya saa sita mchana uthibitishe. Usipofika, nafasi yako atapewa mwingine."

Juu ya maneno hayo palikuwa na jina la mgonjwa. Lilikuwa jina la dada yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza na mimi wa pili, ambaye tulikuwa hatujasemeshana kwa miaka minne.

Ujumbe ule haukuwa na ruhusa ya kuingia kwenye simu yangu. Nasema hivyo kwa sababu kuna wakati jumbe za mtaa mzima zilikuwa zikiingia humo, na mimi mwenyewe ndiye niliyezifukuza, mmoja mmoja, mpaka simu ikatulia.

Ilianza na kabati. Kabla ya mfumo wa kompyuta kuletwa, zahanati yetu iliishi ndani ya kabati la chuma lililojaa kadi za wagonjwa, na kabati lile lilikuwa na tabia zake. Lilimeza kadi za watu wazima na kutapika za watoto. Watu watano wenye jina moja tuliwatenganisha kwa kuwauliza mbele ya kadamnasi, "Wewe ni yule wa goti au yule wa kifua?" Dawa ziliisha bila mtu kujua hadi nesi afungue boksi na kukuta hewa. Majibu ya maabara yalikaa chini ya kikombe cha mtu. Siku moja Daktari alisimama mbele ya kabati lile, mikono kiunoni, akasema, "Mimi nilisomea kutibu watu. Kutibu kabati sikusomea."

Mwezi uliofuata ukaja mfumo. Sasa mgonjwa akitaja jina lake, faili lake lilifunguka mbele yangu kama dirisha. Dawa zikikaribia kuisha, alama ya njano ilijitokeza kwa Daktari wiki nzima kabla. Majibu yalitoka maabara yakaenda moja kwa moja mahali pake. Mimi niliona majina, siku na saa tu. Maradhi ya mtu waliyaona daktari na nesi, kila mmoja kwa neno lake la siri. Niliupenda mfumo ule kwa heshima aliyopewa mgonjwa, ingawa ulinitoa jasho. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na nilikuwa nimeacha shule darasa la nne. Nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni mwaka mmoja kabla, nikiketi kwenye dawati lililonibana mapaja, na yale niliyojifunza jioni niliyatumia asubuhi kabla hayajapoa.

Ila mfumo ulikuwa na ukaidi mmoja. Kisanduku cha namba ya simu hakikukubali kuachwa wazi. Ukikiruka, kinakuwa chekundu na hakuna unachoweza kufanya tena. Na wagonjwa wetu wengi hawakuwa na simu, au walikuwa nayo na hawaijui namba yake. "Andika yako basi, dada," waliniambia. "Si tunaonana kila siku?" Kweli tulionana. Nikaandika yangu.

Siku mfumo ulipoanza kutuma makumbusho, simu yangu iliruka mezani kama mdudu aliyegeuzwa chali. Nilialikwa kliniki ya wajawazito. Nikakumbushwa chanjo ya mwanangu wa miezi tisa. Nikatakiwa nifike bila kula chochote ili nipimwe tezi dume. Nesi wetu, ambaye kila mtu alimwita Mama Sindano, aliichukua simu akasoma hadi machozi yakamtoka.

"Hongera, shoga," akasema. "Mwili mmoja, maradhi ya mtaa mzima."

Daktari naye alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliniambia ujumbe usiomfikia mwenyewe ni sawa na kadi iliyomezwa na kabati. Nikatafuta namba za kweli: za wana, za majirani, za wenye duka. Nikarekebisha mafaili yote. Ndiyo maana asubuhi ile ya manyunyu, nilipoona jina la dada kwenye simu yangu, nilijua kwamba namba ile haikuandikwa na mimi.

Nikampigia mwenzangu wa zamu ya jioni, nikamtajia jina lililokuwa kwenye ujumbe. Alikuwa bado na usingizi mdomoni.

"Mwalimu? Yule mrefu, mwenye mkoba mweusi? Huyo huja jioni tu," akasema. "Namba alinitajia mwenyewe juzi, alipokuja kupangiwa upya. Kwa kichwa, wala hakutoa simu. Kwani ni ya nani?"

"Ya mtu anayemfahamu," nikajibu.

Nikakaa na yale maneno. Huja jioni tu. Jioni ndiyo saa yangu ya darasani, na dada alijua hivyo kama alivyojua ratiba zote za dunia. Alikuwa akingoja niondoke ndipo aingie. Lakini aliyeingia kwa kunikwepa ndiye aliyefika mbele ya ile meza yangu, akaulizwa namba ya simu ya kumpata, na akataja namba yangu tarakimu kwa tarakimu, bila kukwama.

Ugomvi wetu ulizaliwa kwenye kikao cha familia. Tulikuwa sebuleni kwa kaka yetu mdogo, wajomba wapo, mashangazi wapo, na mimi nikatangaza kwa furaha ya kitoto kwamba nimeanza masomo. Dada alikuwa mwalimu kwa maisha yake yote, na ulimi wake ulikuwa chaki na kiboko kwa pamoja. Akaweka kikombe chini.

"Jembe limekwisha makali ndipo linapelekwa kwa mhunzi?" akasema.

Wakacheka. Hata shangazi ambaye hasikii vizuri alicheka kwa kuwaona wengine. Na mimi, mtu wa sala, niliyeomba asubuhi ileile nipewe ulimi mpole, nikamjibu: "Jembe lako lilinolewa kwenye jiwe langu."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu pale alijua. Mama alipolala kitandani kwa kiharusi, msichana mmoja ilibidi abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha, na mwingine aendelee na shule. Nilibaki mimi. Sikuwahi kulisema hilo kabla, na ningeweza kulimeza siku ile. Lakini neno likishatoka halirudi kama mbuzi akiitwa. Dada alichukua mkoba wake mweusi akaondoka, na miaka minne ikapita.

Sasa kwenye skrini yangu palikuwa na mstari mmoja wa jina lake, na pembeni yake kisanduku kidogo kilichoandikwa Amethibitisha. Daktari wa macho alikuja na mashine yake ya kutibu macho kwa miale mara mbili tu kwa mwaka, kutoka mbali, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko siku yake. Aliyekosa Jumanne ile angengoja nusu mwaka. Sikuyaona maradhi ya dada, lakini nilijua kwamba watu hawapangiwi mashine ile kwa kuwashwa na vumbi.

Ilikuwa rahisi kubonyeza. Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya. Nani angejua? Lakini Daktari alikuwa ametuwekea sharti, na sharti lenyewe lilikuwa na sababu: safari iliyopita viti vinne vilibaki vitupu kwa watu waliothibitishiwa na ndugu zao, huku wengine wamerudishwa nyumbani. "Aliyekosa athibitishe kwa kinywa chake," alisema, "siyo kwa kinywa cha shemeji yake." Na hata bila sharti, nilimjua dada. Ningebonyeza leo, na Jumanne asingekuja. Alama ya kwenye kioo haimtoi mtu nyumbani.

Nikasali kwa muda wa pumzi moja, macho wazi. Kisha nikaenda kugonga mlango wa Daktari.

"Naomba ruhusa nikamlete mgonjwa," nikasema.

Akasikiliza, miwani imeshuka puani. "Akigoma je?"

"Nitakaa kwake mpaka aone haya."

"Ya nani, haya? Yake au yako?"

"Yoyote itakayotangulia, Daktari."

Akanipungia mkono niende. Mama Sindano akakaa kwenye kiti changu akisema kwa sauti, wagonjwa wote wasikie, "Nenda, shoga, ila ukichelewa nitawachoma hawa wote wapungue."

Dada alikaa mitaa mitatu kutoka pale. Manyunyu yalikuwa yamekatika, na barabara iling'aa. Nilitembea kama mtu anayewahi mtihani. Nilikuwa nimepita mbele ya geti lile mara nyingi katika miaka ile minne, nikiangalia upande wa pili. Siku hiyo nilisukuma.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Redio ilikuwa ikisema na nafsi yake. Dada alikuwa amesimama mbele ya rafu, mgongo kwangu, akipapasa makopo kwa ncha za vidole. Nikaona kwamba kila kopo lilikuwa limefungwa raba: jingine raba moja, jingine mbili, jingine tatu. Akashika lenye mbili, akalinusa, akaridhika.

"Nani?" akauliza bila kugeuka.

"Mimi."

"Mimi ndilo jina lako?"

"Mdogo wako."

Mkono wake ukatulia juu ya kopo. "Mdogo wangu yuko shuleni," akasema.

"Shule ni jioni, dada. Asubuhi niko kazini, na kazi ndiyo iliyonituma."

"Basi karibu. Mjumbe hauawi." Akanyoosha mkono kuvuta kiti, akakikosa, akakipata. Nilijifanya sikuona. "Nani kakupa habari zangu?"

"Wewe. Ulipoulizwa namba ya simu, ulitaja yangu."

Hakukana. Alikaa. Akaikunjua leso mapajani kana kwamba kuna chakula kinachokuja. "Soma," akasema.

Nikautoa ujumbe nikausoma. Nilipofika katikati akainua kidole.

"Usikimbie. Nukta imewekwa upumzike."

Nikarudia, nikapumzika kwenye nukta. Nilipomaliza, akaikunja leso tena.

"Sukari imenipanda machoni," akasema hatimaye. "La kulia naona moshi. La kushoto linafuata njia ileile. Ujumbe ukija kwenye simu yangu naona mchwa. Ningempa nani anisomee? Wanangu wako mbali, na majirani wakijua leo, kesho limejua soko. Nikafikiri, huyu walau yuko hapohapo, na..." Akaacha. "Na anasoma sasa."

Alilisema hilo la mwisho kwa haraka, kama mtu anayeweka zawadi mezani na kuondoka. Sikuligusa. Nilihofu nikiligusa tutalia wote wawili, na saa ilikuwa ikikimbia.

"Mbona hukuja mara ile?" nikauliza.

"Nilikuja!" Sauti yake ya darasani ikarudi, ile ya kunyoosha migongo. "Nilikuja jioni ile, nikapewa kikaratasi chenye namba. Nikakaa. Kumbe siku hizi hamwiti mtu. Kuna kioo ukutani, kinalia ting, watu wanatazama juu, mmoja anainuka anaingia. Kinalia ting, mwingine anainuka. Mimi kioo chenyewe sikioni. Kushoto kwangu mtu niliyemfundisha kusoma, kulia kwangu mwingine. Nimuulize nani kati yao, 'Mwanangu, hapa mkononi nimeshika ngapi?' Nikakaa mpaka wakazima taa za nje. Nikaja zangu nyumbani."

Mfumo haukuwa umesema uongo, wala haukuwa umesema kweli. Uliita namba, namba haikuinuka, ukaandika kwamba mtu hakuja. Baadaye Daktari alifunga kipaza sauti kinachotaja namba kwa sauti ya mwanamke mpole, na wagonjwa wengine wakawa wanamjibu "naam". Lakini Alhamisi ile palikuwa na kioo tu, na ting yake.

"Vaa viatu," nikasema.

"Siendi kukaa tena kwenye lile benchi."

"Utakaa. Nikifika mimi kwenye meza yangu, namba yako nitaiita kwa mdomo wangu."

"Wasikie wote?"

"Wasikie wote."

Akatikisa kichwa. "Hujanielewa. Benchi nalivumilia. Naogopa miale. Wanasema unakaa macho wazi, unaiona inakuja. Nikitoka mle na giza? Sasa hivi walau moshi ninao."

Nikafumba macho, nikaanza kusali kwa sauti ya chini, pale pale kwenye kiti cha jikoni.

"Wewe!" akasema. "Usiniombee kama maiti, mimi niko hapa."

"Sikuombei wewe. Najiombea mimi uvumilivu, maana sitoki humu bila wewe."

"Utafukuzwa kazi."

"Nitafukuzwa."

"Mkaidi kama mama yako."

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Akaguna. Nilidhani ni hasira, hadi nilipoona mabega yanatikisika. Alicheka kicheko kikavu, cha pumzi, kisichokuwa na chaki ndani yake. Kisha akainama, akapapasa chini ya meza, akaleta viatu. Kimoja alikivaa mwenyewe. Kingine alikishika tu mkononi, ukanda wake umejipinda, akitafuta tundu la kipini na kulikosa. Nikapiga magoti nikamfunga. Kuna muda, nikiwa pale chini, mkono wake ulikuja ukatua juu ya kichwa changu, ukakaa. Sijui kama alikuwa ananibariki au anajishikilia asianguke.

Njiani alinishika kiwiko, akatembea wima kama aliyenipa mimi msaada. Tulipokaribia barabara kubwa alisema, bila kugeuza uso, "Jiwe lile lilikuwa jiwe zuri." Nikasema, "Mhunzi naye si mbaya." Tukasimama ukingoni. Palikuwa na magari.

Zahanati ilikuwa imejaa. Nilimpa dada namba, nikamkalisha kwenye benchi la katikati, mkoba mapajani. Nikaona migongo ikinyooka kulia na kushoto kwake. Yupo aliyeficha hata gazeti. Mama Sindano akanipisha kitini bila utani wowote, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika sita, ila haikuwa mbali.

Mbele yake walikuwepo watu watatu. Sikumrukisha. Kioo kikalia ting, mama mwenye mtoto akaja. Kikalia tena. Kikalia tena. Halafu ikatokea namba yake, nyekundu, kubwa kama sahani, na watu wote wakatazama juu isipokuwa mmoja.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kutaja namba. Kilichonitoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Dada!" nikaita. "Ni zamu yako."

Chumba kizima kiligeuka. Yeye aliinua kidevu kuelekea sauti yangu, akajisogeza mpaka ukingo wa benchi, akainuka. Mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aligeuza magoti kumpisha akanong'ona, "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Vuta miguu yako," akajibiwa. Watu wakatabasamu chini chini. Alikuja moja kwa moja mpaka mkono wake ukagusa kaunta.

Daktari alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama mlangoni na faili la mtu mwingine mkononi.

Nikaweka kidole kwenye kipanya. "Mwalimu," nikasema kwa sauti ya kazini, "unathibitisha kwamba utafika Jumanne saa tatu asubuhi?"

Aligeuka akaliangalia lile benchi lote ambalo kwake lilikuwa moshi mtupu.

"Mnanisikia kule nyuma?" akauliza.

"Tunakusikia, Mwalimu," wakajibu, sauti nzito za watu wazima, kwa mpangilio.

"Basi muwe mashahidi. Jumanne nitakuja hapa kutibiwa macho. Mdogo wangu huyu ataniita, na mimi nitainuka. Nikiogopa, nitainuka hivyo hivyo, na woga wangu."